Mtendaji wa Kijiji Ndiye Hakimu wa Kwanza

Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania, Na. 9 ya mwaka 1998, inampa siku saba mtu aliyeingia nchini kuomba hifadhi. Ndani ya siku hizo anatakiwa ajitokeze kwa ofisa aliyeidhinishwa, au kwa mtendaji wa kijiji, au kwa mlinzi wa amani. Kwa anayeisoma Dodoma, hicho ni kifungu cha utaratibu tu. Kwa anayefanya kazi katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, au kwenye njia za miguu zinazoingia Manyovu na Mabamba kutoka Burundi, hicho ndicho kifungu kinachoamua nani atasikilizwa na nani atapandishwa gari la polisi. Ofisa aliyeidhinishwa yuko mbali. Mlinzi wa amani hajulikani anakaa wapi. Aliyepo ni mtendaji wa kijiji, mwenye muhuri, daftari la wageni na namba ya simu ya kituo cha polisi.

Timu nyingi za msaada wa kisheria mipakani hupangwa kana kwamba kesi ya mwomba hifadhi huanzia mahakamani: mawakili wachache juu, wasaidizi wa kisheria wachache chini yao, ofisi mjini, na gari moja la kwenda kambini. Lakini kesi hiyo huwa imeshapona au imeshakufa kabla wakili hajaifungua. Huamuliwa kwa mtendaji, huamuliwa mahabusu, na zaidi ya kote huamuliwa katika mahojiano ya kwanza, pale mtu aliyechoka anapoulizwa kwa nini amekuja na jibu lake likaandikwa na mkono wa mtu mwingine. Anayeongoza timu ya namna hii ana uamuzi mmoja mkubwa kuliko mingine yote, nao ni wapi awaweke watu wake. Mimi naamini awaweke mwanzoni kabisa mwa safari, hata kama huko hakuna majoho wala hukumu za kuonyesha wafadhili.

Si zamani sana swali hili halikuwa na uzito huo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliotiwa saini Addis Ababa Septemba 1969 ulipanua maana ya mkimbizi kupita ile ya Mkataba wa Geneva wa 1951. Mkimbizi akawa pia mtu anayekimbia uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko makubwa yaliyovuruga amani ya nchi yake. Kwa msingi huo serikali ingeweza kulitambua kundi zima kwa pamoja. Mwaka 1994, pale karibu Wanyarwanda 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja tu, hakuna aliyefikiria kumhoji kila mmoja. Hata Aprili na Mei 2015, Warundi walipomiminika Kagunga baada ya Rais Nkurunziza kutangaza kuwania muhula wa tatu, kipindupindu kikazuka ufukweni, MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma na Uwanja wa Lake Tanganyika ukageuzwa kituo cha kupokelea, jambo la kuthibitisha lilikuwa dogo: wewe ni Mrundi, na umetoka Burundi. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ilipanda hadi zaidi ya watu 150,000.

Januari 2017 Tanzania ikaacha kuwatambua Warundi kwa kundi. Tangu hapo kila mmoja alitakiwa aeleze hofu yake mwenyewe, kwa jina lake, kwa tarehe na kwa sababu. Mwanzoni mwa 2018 serikali ikajitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwahudumia wakimbizi kwa kuwashirikisha katika maisha ya nchi, na mwaka huo vituo vya kupokelea wakimbizi mpakani vikafungwa. Watu hawakuacha kuja. Waliingia kimyakimya, na kila aliyeingia kimyakimya akawa na mambo mawili ya kujieleza: kwa nini amekimbia, na kwa nini hakupita mlangoni.

Nchi iliyofanya hivyo haikuwa na historia ya uchoyo. Ni nchi iliyomfanya Mwalimu Nyerere atunukiwe Nishani ya Nansen mwaka 1983, na iliyowapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa wimbi la 1972, waliokaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ni nchi hiyo hiyo pia iliyofunga mpaka wake na Burundi Machi 1995 na kuwataka Wanyarwanda waondoke ifikapo mwisho wa Desemba 1996. Kiongozi wa timu ya kisheria anahitaji kuzijua historia zote mbili. Ile ya kwanza humpa lugha ya kuzungumza na maofisa kwa heshima, kwa kuwakumbusha ubora wao wenyewe. Ile ya pili humkumbusha kwamba mlango unaweza kufungwa kwa tamko moja, na kwamba wakati huo faili lililoandikwa vizuri ndilo litakalobaki mkononi.

Nirudi kwa mtendaji. Ndani ya zile siku saba huyu ana njia mbili, na zote mbili anaziona ni halali. Anaweza kumwandika mgeni kama mwomba hifadhi na kumpeleka kwa wahusika wa wakimbizi. Anaweza pia kupiga simu polisi kwamba kuna wahamiaji haramu kijijini. Hakuna chuki ndani yake. Mara nyingi hajawahi kuelezwa kwamba Sheria ya Wakimbizi imemtaja yeye kwa cheo chake. Mafunzo ya siku moja kwa watendaji wa vijiji vya mpakani, pamoja na wenyeviti wa vitongoji, mgambo, viongozi wa mialo na waendesha bodaboda, hayana mvuto katika taarifa ya mwaka. Hata hivyo huokoa kesi nyingi kuliko rufaa. Mtendaji akijua kwamba mgeni aandikwe siku aliyofika, kwamba kikaratasi chenye muhuri wa kijiji na tarehe kinaweza kuwa ushahidi wa mtu kujitokeza ndani ya siku saba, na kwamba kuna namba ya timu ya kupiga usiku, kazi ya wakili inakuwa imeshaanza bila wakili kuwepo.

Asipojua, mgeni huishia mahakamani, na hapo ndipo jambo la kusikitisha hutokea kwa dakika chache. Washtakiwa husimamishwa kizimbani wakiwa kundi. Karani au mwendesha mashtaka anasoma shtaka chini ya Sheria ya Uhamiaji: kwamba tarehe fulani, eneo fulani, waliingia nchini bila kibali. Hakimu anauliza kama ni kweli. Mwanamke aliyevuka ziwa usiku kwa mtumbwi wa wavuvi anasikia swali la kawaida kabisa, naye ni mtu mkweli: aliingia, na hakuwa na kibali. Anajibu, "Ni kweli." Jibu linaandikwa kama alivyolitamka. Yanasomwa maelezo ya kosa, anayakubali pia, na anatiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inambana aliyekiri: kwa kawaida rufaa yake ni juu ya adhabu tu, si juu ya hatia. Hakuna aliyemuuliza swali la pili, kwa nini. Mkataba wa 1951, kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila ruhusa ikiwa ametoka moja kwa moja kwenye hatari, akajitokeza bila kuchelewa na akatoa sababu. Lakini kifungu hakisemi chenyewe. Kinahitaji mtu wa kukisema kabla ya lile neno "ni kweli".

Ndiyo maana mtu wa timu anayekaa karibu na mahakama kila asubuhi, akisoma orodha ya kesi na kuongea na mahabusu kabla hawajapandishwa, ana thamani kubwa. Wala si lazima awe wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya mwaka 2017, imewatambua wasaidizi wa kisheria, ingawa haiwaruhusu kumwakilisha mtu mahakamani. Msaidizi makini anayemwahi mshtakiwa, akamweleza kwa lugha anayoielewa kwamba anaweza kujibu "niliingia kwa sababu naomba hifadhi", na akamwarifu wakili, amefanya nusu ya kazi. Mwendesha mashtaka mwelewa akishajua kwamba huyu ni mwomba hifadhi, mara nyingine hulirudisha suala kwa uhamiaji bila mabishano. Uhusiano mwema na ofisi ya mashtaka haujengwi siku ya kesi. Unajengwa miezi kabla, kwa kuzungumza nao kesi ambazo timu haina maslahi nazo, na kwa kutowadanganya hata mara moja.

Sasa mahojiano. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye uzito wote.

Ofisa wa Tanzania anajua Kiswahili. Mkongo wa Fizi, Uvira au Baraka anajua Kiswahili. Kwa hiyo inaonekana hakuna haja ya mkalimani, na hapo ndipo mtego ulipo. Wengi wa mashariki ya Kongo huzihesabu siku za juma kuanzia siku ya kazi ya kwanza, hivyo siku ya tatu kwao ni Jumatano. Ofisa anasikia "siku ya tatu" na mkono wake unaandika Jumatatu. Mwaka mmoja baadaye, katika mahojiano ya pili, mwombaji anasema wanamgambo waliingia kijijini Jumatano, siku ya soko. Ofisa mwingine anafungua faili, anaona Jumatatu, na anaandika kwamba maelezo yanapingana. Mtu huyo hakubadilisha kauli. Kauli ilibadilika ikiwa njiani kutoka mdomoni kwake hadi kwenye karatasi, katikati ya watu wawili walioamini kwamba wanaelewana.

Mambo ya majira ni hayo hayo. Mkulima anakumbuka kwamba walikimbia wakati mihogo ilikuwa haijang'olewa, mvua kubwa zimeanza, mtoto wa tatu ananyonya. Fomu inataka mwezi na mwaka. Akilazimishwa, atataja mwezi wowote ili swali liishe. Timu iliyojipanga humsaidia kabla ya mahojiano kupanga matukio yake kwa vitu anavyovikumbuka, yaani misimu, kuzaliwa kwa watoto, kifo cha mzee, siku Goma au Bukavu ilipotekwa, kisha kuvioanisha na kalenda. Na humfundisha jambo moja ambalo watu wenye hofu huliona ni hatari: kusema "sikumbuki" pale asipokumbuka.

Mpaka uliopo kati ya kumsaidia mtu kupanga maelezo yake na kumtungia maelezo ni lazima kiongozi aulinde kwa ukali. Kambini kuna watu wanaouza simulizi, wakijua ni zipi zilizokubaliwa mwezi uliopita. Msaidizi wa kisheria mwenye huruma anaweza kuteleza akaanza kuongeza chumvi kidogo ili kesi ipite. Anayefanya hivyo huwaumiza mamia wanaofuata, kwa sababu ofisa akishakutana na maelezo matano yanayofanana neno kwa neno, la sita halitaaminiwa hata likiwa la kweli tupu. Sioni nafasi ya kusamehe katika hili. Mtu wa timu aliyetunga maelezo aondolewe kwenye kazi ya maelezo.

Kisha kuna suala la nani anatafsiri pale mkalimani anapohitajika. Wanaokimbia Kivu Kusini si kabila moja. Mbembe, Mfuliiru na Mnyamulenge wanaweza kuwa wote wanakimbia milima ile ile ya Fizi na Minembwe, kila mmoja akiwaogopa watu wa mwenzake. Mkalimani Mbembe akiwekwa kati ya ofisa na Mnyamulenge, au kinyume chake, hata akiwa mwadilifu kiasi gani, mwombaji atameza sehemu ya maelezo yake. Kwa Warundi, hofu ni kwamba mkalimani ana ndugu katika Imbonerakure, vijana wa chama tawala, na jina litafika nyumbani kabla ya mwenye jina. Kwa hiyo mwombaji apewe haki ya kumkataa mkalimani bila kutoa sababu, na aambiwe haki hiyo kabla hajaketi. Mkalimani naye alipwe vizuri, apumzishwe, na afunzwe kutafsiri alichosikia bila kukisahihisha. Timu nyingi humchukulia mkalimani kama kibarua wa siku, zikaweka fedha zao kwa mawakili. Ningekuwa na bajeti ya watu kumi, ningeanza kuajiri wakalimani wanne.

Jambo jingine la mahojiano huharibu kesi za wanawake kimyakimya. Familia husajiliwa kwa faili moja, mume akiwa kichwa cha familia. Mume anahojiwa, mke anaulizwa kama ana la kuongeza, anatikisa kichwa. Yaliyompata yeye, mara nyingi ubakaji, hayajawahi kusemwa mbele ya mumewe na hayatasemwa leo mbele ya mumewe, watoto na ofisa mwanaume. Mume akikataliwa, mke anakataliwa naye, ingawa pengine yeye ndiye aliyekuwa na hoja nzito kuliko wote waliokuwa katika chumba kile. Kiongozi wa timu aombe, kwa maandishi na kila mara, kwamba kila mtu mzima asikilizwe peke yake, na mwanamke asikilizwe na mwanamke. Ndani ya timu yake mwenyewe jambo hili halihitaji kibali cha mtu yeyote. Aanze nalo kesho.

Baada ya mahojiano faili huenda kwenye Kamati ya Taifa ya kupitia maombi ya hifadhi, na neno la mwisho liko upande wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Aliyekataliwa anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya, lakini ombi lake haliendi kwenye chombo huru kilicho nje ya wizara. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuweka nguvu mwanzoni: kosa lililoandikwa siku ya kwanza halina mahali pazuri pa kusahihishwa baadaye.

Wapo watakaosema kwamba Kenya imeonyesha njia tofauti, na wana hoja. Desemba 2012 serikali ya Kenya ilipoamuru wakimbizi wa mijini warudi kambini, shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria lilikwenda Mahakama Kuu, na Julai 2013 Jaji David Majanja akalitengua agizo lile. Februari 2017 Jaji John Mativo akazuia kufungwa kwa kambi ya Dadaab. Hukumu mbili ziliwagusa watu wengi kuliko ambao timu yoyote ingeweza kuwahudumia mmoja mmoja. Lakini zilitoka Nairobi, chini ya Katiba ya 2010 inayofungua mlango mpana kwa kesi za maslahi ya umma, na kesi za namna hiyo hutegemea ushahidi uliokusanywa na watu waliokaa karibu na wakimbizi wakiandika nani alikamatwa, lini, na alifanywa nini. Kesi kubwa hula kumbukumbu ndogo ndogo. Timu isiyo na kumbukumbu haina cha kupeleka kwa jaji, hata akiwa jaji jasiri.

Kwa Tanzania njia ya nje nayo imebanwa. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kesi ya mtu aliyenyang'anywa pasipoti na kusukumiwa Kenya mwaka 2014. Kenya ikamrudisha, akabaki akiishi katika eneo lililo kati ya nchi mbili pale Sirari. Mahakama ilisema dola inayomkana mtu ambaye siku zote amechukuliwa kuwa raia ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba si raia. Ni hukumu nzuri, na mawakili wa mpakani waijue, ingawa ilikuja miaka baada ya mtu yule kusukumwa. Novemba 2019 Tanzania ikaondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kufungua kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Upande mgumu kuliko yote kwa kiongozi ni kibali. Huingii kambini bila ruhusa ya wizara, na ruhusa hiyo hutolewa, huongezwa au hukaa mezani. Agosti 2019 Tanzania na Burundi zilitia saini makubaliano ya kuwarejesha Warundi, na viongozi walitamka hadharani kwamba watarudi. Kila shirika lililokuwa kambini lilikabiliwa na swali lile lile. Ukipaza sauti, unaweza kutolewa, na wale watu mia waliokuwa na miadi nawe wiki hiyo wanabaki peke yao. Ukinyamaza, uwepo wako unageuka pambo: kambi ina mashirika ya kisheria, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kwenda kwa sheria.

Sikubaliani na wanaosema lazima uchague moja. Kazi hizo mbili zitenganishwe. Timu iliyo ndani ya kambi iandike kila inachokiona kwa utulivu, bila kivumishi: fulani aliambiwa nini, na nani, tarehe gani. Taarifa hizo, zikiwa zimeondolewa majina, ziende kwa jukwaa la kitaifa la mashirika mengi, ambalo ndilo linalosema na wizara, bunge, balozi na UNHCR. Jukwaa likisema kwa pamoja, ni vigumu kumfukuza mmoja. Pia uwepo mstari ambao kiongozi ameuandika mapema na bodi yake imeuridhia: jambo ambalo likitokea, tutaondoka na tutasema kwa nini. Mstari huo ukiachwa uamuliwe siku ya shinikizo, utasogezwa kila siku kidogo mpaka usionekane.

Maofisa wenyewe si maadui. Mkuu wa kambi anayepokea kundi jipya usiku akiwa na mahema machache na mgao wa chakula uliopunguzwa ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Wengi wao wametetea watu kwa njia ambazo hazitaandikwa. Kiongozi anayewatembelea pale tu anapokuwa na malalamiko atajikuta na milango mizito.

Kuhusu nani asaidiwe kwanza, nitasema kwa ufupi kwa sababu kanuni zake zinafahamika: aliyeko mahabusu, mtoto asiye na mzazi, aliyetajwa kurudishwa, aliyebakwa, aliyekataliwa na siku zake zinaisha. Kisichofahamika vya kutosha ni namna ya kumwambia asiyesaidiwa. Mtu aliyetembea kutoka upande wa pili wa Nyarugusu, akapanga foleni tangu alfajiri, anastahili kuambiwa waziwazi kwamba kesi yake haitachukuliwa, kwa sababu gani, na afanye nini mwenyewe. Wapo wanaomwambia arudi wiki ijayo, wiki baada ya wiki, kwa sababu kumkatalia kunauma. Wanamwibia muda ambao sheria inamhesabia.

Na aambiwe waziwazi pia kwamba wakili hana nafasi za kuhamishiwa Marekani. Uvumi kwamba anazo huharibu kazi kuliko upungufu wa magari. Mwaka 2024 Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote katika wakimbizi walioingizwa Marekani kwa mpango rasmi. Januari 2025 mpango huo ukasimamishwa, watu waliokuwa wameshauza vyombo vyao wakabaki na mabegi. Mwezi huo huo misaada ya nje ya Marekani ikagandishwa, na baadaye mwaka huo UNHCR ikatangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani. Matapeli wanapenda nyakati kama hizi. Mtu aliyekata tamaa hulipa ili jina lake liwekwe katika orodha isiyokuwepo, na akishatapeliwa huamini kwamba hata msaada wa bure una bei iliyofichwa.

Fedha zikipungua, viongozi wengi hukata kwanza vitu visivyoonekana: mkalimani, dereva, mshauri nasaha wa wafanyakazi. Huyo wa mwisho hukatwa haraka kuliko wote, nami naliona ni kosa kubwa. Msaidizi wa kisheria anayesikiliza habari za mauaji siku tano kwa wiki huanza kwa kukosa usingizi, kisha huanza kuwakatiza watu, na mwishoni huandika maelezo mafupi mafupi yasiyo na uhai, kwa sababu hawezi tena kuyabeba yote. Faili lake huonekana safi, lakini mwombaji anaumia. Kumpangia zamu za kazi ya ofisini, kumpa mtu wa kuzungumza naye, na kumkataza kuchukua kesi za ubakaji mfululizo ni sehemu ya ubora wa kazi ya kisheria.

Limebaki suala la kumbukumbu pale kambi inapofungwa. Kambi ya Mtendeli ilifungwa Desemba 2021, na misafara ya kurejea Burundi imekuwa ikitoka Kigoma tangu Septemba 2017. Baadhi ya waliorudi wamekimbia tena. Mtu wa namna hiyo akifika mpakani mara ya pili, anakuta fomu yake ya kurejea kwa hiari inatumika dhidi yake: ulisaini kwamba hakuna unachokiogopa, leo unaogopa nini? Jibu linaweza kuwa kwamba soko la kambi lilikuwa limefungwa, mgao umepungua, na alikuwa ameambiwa basi la leo lina viti na la mwezi ujao halijulikani. Lakini nani aliliandika hilo siku ile?

Kwa hiyo timu inapaswa kuwapo kwenye meza ya kusaini, si baada yake. Impe kila anayeondoka nakala ya faili lake, imuulize kwa faragha kwa nini anaondoka, iandike jibu kwa maneno yake na kuliwekea tarehe, na itunze nakala ya pili mahali salama nje ya kambi, penye utaratibu wa nani anaruhusiwa kuifungua. Wasioweza kubeba karatasi kwa usalama mpaka Makamba au Ruyigi wapewe namba ya faili ya kukariri, tarakimu chache tu, na wajaribu kuitamka mara mbili tatu kabla hawajapanda basi.